Seneca, Epictetus au Marcus Aurelius: uanze na Mstoiko yupi?

Msomaji wa Biblia ya Kiswahili huenda ameshawapita Wastoiko bila kuwatilia maanani. Katika Matendo 17:18 Paulo yuko Athene, na miongoni mwa waliokutana naye wametajwa Waepikureo na Wastoiko. Shule ya falsafa ya Wastoiko ilianzia mjini humo karibu mwaka 300 KK, mwanzilishi wake akiwa Zeno, mzaliwa wa Kition huko Kupro. Jina limetokana na stoa, ukumbi wa nguzo uliopambwa michoro ambamo alikuwa akifundisha. Vitabu vyake vimepotea vyote, na vya Chrysippus, mwalimu mwingine wa shule hiyo aliyeandika mamia, vimebaki vipande. Ndiyo maana anayetaka kuishi kwa mafundisho haya leo hujikuta mbele ya watu watatu wa zama za Roma: Seneca tajiri wa ikulu, Epictetus aliyekuwa mtumwa, na Marcus Aurelius aliyekuwa kaisari.

Kwenye msingi hawapishani. Kizuri cha kweli ni fadhila, yaani hekima, haki, ujasiri na kiasi. Mali, afya na cheo ni vitu vya kutumiwa vizuri vikiwepo, lakini roho isiegemee juu yake. Kinachomvuruga mtu ni hukumu anayoipitisha juu ya tukio, si tukio lenyewe. Wanapotofautiana ni kwenye namna ya kukushika mkono, na hapo ndipo wengi hukosea kuchagua. Wanamchukua Marcus kwa sababu alikuwa kaisari, wanakwama kurasa za mwanzo, kisha wanasema falsafa haiwafai. Ushauri wetu ni kuchagua kwa kuangalia kinachokusumbua sasa hivi. Mwenye hasira aanze na Seneca. Anayeyumbishwa na maneno na matendo ya wengine aanze na Epictetus. Mwenye mzigo wa kuongoza watu, na ambaye tayari ana mazoea fulani ya kujichunguza, huyo ndiye wa Marcus.

Unachokishika mkononi

Epictetus hakuandika chochote. Alizaliwa Hierapolis, katika nchi ambayo leo ni Uturuki, karibu mwaka 50 BK, akawa mtumwa wa Epaphroditus, naye huyo alikuwa mtumwa aliyeachwa huru na kuhudumu kwa kaisari Nero. Baada ya kuachwa huru alifundisha Roma, na kaisari Domitian alipowafukuza wanafalsafa akafungua shule Nicopolis, magharibi mwa Ugiriki. Mwanafunzi wake Arrian ndiye aliyenukuu masomo. Kuna Mihadhara, ambayo imebaki juzuu 4, na kuna muhtasari wake uitwao Enchiridion, maana yake kitu cha kushika mkononi. Huu una sura 53, nyingine za mistari mitatu tu, na unasomeka wote kwa saa moja au mbili.

Ufupi huo ndio nguvu yake na ndio hatari yake. Enchiridion ni vikumbusho kwa mtu aliyekwisha kaa darasani. Maelezo, utani na upole wa mwalimu vimebaki kwenye Mihadhara. Anayesoma muhtasari peke yake humwona Epictetus kama jiwe. Dawa ni kusoma pamoja nao Mihadhara 1.11, ambapo afisa mmoja anakiri kwamba binti yake alipougua alishindwa kuvumilia kumwona, akaondoka nyumbani mpaka alipoambiwa amepona. Anadai alifanya hivyo kwa kumpenda. Epictetus anamuuliza taratibu: na mama yake hampendi? Na yaya wake? Nao wangeondoka vilevile, mtoto abaki peke yake? Anamfikisha mahali pa kukiri kwamba upendo ungemkalisha kitandani pa mwanawe. Huyo si mtu anayefundisha ubaridi.

Seneca ameacha maandishi mengi kuliko wenzake: barua 124 kwa rafiki yake Lucilius na vitabu kadhaa juu ya jambo mojamoja, kikiwemo cha hasira chenye juzuu 3. Alizaliwa Corduba, Uhispania ya leo, karibu mwaka 4 KK. Alipelekwa uhamishoni Corsica mwaka 41 BK, akarudishwa mwaka 49 kumfundisha Nero aliyekuwa bado kijana, na mwaka 65 mwanafunzi huyohuyo alipokuwa kaisari akamwamuru ajiue. Barua zake zinasomeka kama mtu anayezungumza nawe barazani. Ubaya wake uko hapohapo: ni tamu mno. Unamaliza barua umeburudika, unajiona umekuwa mtu bora, na hujafanya kitu. Wengine huchukizwa na utajiri wake, nao hawakosei kuuliza. Hata enzi za uhai wake alishtakiwa hadharani kwamba amejikusanyia sesterisi (sarafu ya Roma) milioni 300 ndani ya miaka 4 ya urafiki na kaisari. Kama jambo hilo litakukwaza kila ukurasa, nenda kwa Epictetus, ambaye kwake hoja ya namna hiyo haina pa kushika.

Marcus alizaliwa mwaka 121 na kutawala kuanzia 161 hadi kifo chake mwaka 180, miaka iliyojaa vita vya mpakani na tauni. Tafakuri zake, juzuu 12 fupi kwa Kigiriki, alijiandikia mwenyewe. Kwenye moja kuna maneno kwamba iliandikwa Carnuntum, kambi ya jeshi karibu na mto Danube katika Austria ya leo. Hakuna anapokueleza neno. Anarudia jambo lilelile mara ishirini kwa sababu yeye mwenyewe alilihitaji mara ishirini. Tena aliyemfungulia mlango ni Epictetus: anamshukuru mwalimu wake Rusticus kwa kumwazima maandishi yake. Ukianza na Marcus unasikia majibu kabla ya kujua maswali.

Jambo moja, walimu watatu: hasira

Kitabu cha Seneca juu ya hasira kiliandikiwa kaka yake Novatus, ambaye baadaye aliitwa Gallio. Ndiye yule Galio, liwali wa Akaya, aliyeletewa Paulo barazani katika Matendo 18. Thamani kubwa ya kitabu iko kwenye juzuu la 2, anapoigawa hasira hatua tatu. Kwanza ni mshtuko wa mwili: damu inapanda, uso unabadilika. Huo hauna hiari, wala hauna lawama, kama mtu anavyopepesa jicho kidole kikikaribia. Pili, akili inatoa kauli: nimedhulumiwa, ni haki yangu nilipize. Tatu, mtu hasikii tena la kuambiwa. Matibabu yote yanafanyika kati ya hatua ya kwanza na ya pili, na nafasi hiyo ni ndogo.

Watu wengi hushindwa kwa sababu wanapigana na hatua ya kwanza. Wanajikaza wasihisi chochote, mshtuko unakuja kama kawaida, nao wanajihesabu wameshaanguka, basi wanamalizia. Seneca angekuambia acha damu ipande, ila usiipe kauli. Dawa kuu kwake ni kuchelewa. Katika juzuu la 3 anasimulia kwamba mwanafalsafa Plato aliinua mkono ampige mtumwa wake, akagundua amekasirika, akauacha mkono hewani vilevile. Alipoulizwa anafanya nini akajibu kwamba anamwadhibu mtu mwenye hasira.

Kwa vitendo ni hivi. Geuza dalili za nje kwanza: punguza sauti, legeza uso, tembea polepole, ya ndani yatafuata. Usijadili jambo zito ukiwa na njaa, kiu au uchovu, onyo ambalo Seneca mwenyewe analitoa. Ujumbe wa kuudhi kwenye simu usijibiwe siku ileile; ukilazimika, andika jibu kwenye karatasi, ulale, ulisome asubuhi. Kwa uzoefu wetu, jibu la karatasi hufupishwa nusu yake au zaidi kabla ya kutumwa.

Epictetus anaingia mapema zaidi, kabla hujatoka nyumbani. Sura ya 4 ya Enchiridion: unakwenda kuoga kwenye bafu la umma, basi jikumbushe yanayotokea huko. Kuna wanaorusha maji, wanaosukumana, wanaotukana, wanaoiba. Jiambie kwamba unataka kuoga na pia kubaki na hali yako njema ya ndani. Msongamano utakapokukuta hutashtuka. Badilisha bafu uweke foleni ya ofisi au kikao cha ukoo kuhusu shamba, zoezi halibadiliki hata neno.

Na kwa ugomvi wa nyumbani ana sura ya 43, ambayo tungependa kila ndugu aijue: kila jambo lina vishikio viwili, kimoja hubebeka na kingine hakibebeki. Ndugu yako akikukosea, usilishike kwa kishikio cha kwamba amekukosea, hicho hakibebeki. Lishike kwa kile cha kwamba ni ndugu yako, mmelelewa pamoja.

Kisha anatoa kipimo, Mihadhara 2.18. Hesabu siku ambazo hukukasirika. Uweze kusema: zamani nilikasirika kila siku, kisha siku moja ndani ya mbili, kisha ya tatu, ya nne. Zikifika siku 30 bila hasira, mtolee Mungu sadaka ya shukrani. Tumia kalenda ya ukutani na kalamu. Ukianguka siku ya 19 usifute alama zilizotangulia. Anachokipima ni nafasi kati ya anguko moja na jingine, na kama inapanuka, dawa inafanya kazi.

Marcus, juzuu la 11 fungu la 18, ana orodha ya mambo tisa ya kujikumbusha mtu anapokuudhi, na la kumi juu yake. Linalofaa zaidi kwa msimamizi wa watu ni lile la kwamba hujui kwa hakika kama mwenzako amekosa, maana mengi hufanywa kwa sababu ambazo hatuzioni. Meneja anayejiuliza hilo kabla ya kuandika barua ya onyo atakuta mara kadhaa barua haikuhitajika. Lakini orodha ya mambo kumi haisaidii mtu ambaye tayari anatetemeka. Kwa hasira kali Seneca anawashinda wote wawili, bila shaka yoyote.

Umeibiwa

Kwenye kupoteza vitu, Epictetus ndiye anayeongoza. Alikuwa na taa ya chuma kwenye madhabahu ya nyumbani. Akasikia kishindo dirishani, akashuka mbio, taa hakuna. Akajiambia kwamba kesho atapata ya udongo, kwani mtu hupoteza kile alicho nacho. Mahali pengine anaongeza kwamba mwizi ameilipia taa hiyo kwa bei kubwa: amekubali kuwa mwizi. (Mwandishi Lucian anasimulia kwamba ile taa ya udongo baadaye ilinunuliwa kwa drakma 3,000 na mtu aliyetumaini kwamba akisoma kwa mwanga wake atapata hekima.)

Sasa chukua simu iliyonyakuliwa dirishani mwa daladala. Sura ya 1 ya Enchiridion inagawa: vilivyo juu yetu, yaani ndani ya uwezo wetu, ni hukumu, msukumo, tamaa na chuki zetu, visivyo juu yetu ni mwili, mali, sifa na vyeo. Msomaji wa haraka anaelewa kwamba basi akae tu. Sivyo. Kufunga laini, kubadilisha namba ya siri ya pesa za simu, kutoa taarifa polisi, hayo ni matendo yako na yanatakiwa ndani ya saa ile ile. Simu kurudi si juu yako. Kosa la kawaida ni kufanya kinyume: mtu anatumia saa nzima kumlaani mwizi, jambo lisilorudisha kitu, huku pesa zikiendelea kuhamishwa.

Epictetus anataka uanze na vidogo: sura ya 3 inaanza na chungu unachokipenda, sura ya 12 na mafuta yaliyomwagika. Fuata mpangilio huo. Glasi iliyovunjika Jumatatu ni somo la kutosha kwa Jumatatu.

Msiba: hapa tahadhari

Sura hiyohiyo ya 3, baada ya chungu, inakwenda mbali: ukimbusu mwanao, jikumbushe unambusu mwanadamu afaye. Maneno hayo ni ya mazoezi ya mtu aliye katika utulivu. Usimpelekee mfiwa. Usimpelekee hata kama mwenyewe yamekusaidia. Sura ya 16 yenyewe inaagiza kwamba ukimkuta mtu analia usisite kumfariji kwa maneno, na ikibidi ulie naye.

Kwa aliyefiwa, barua ya 63 ya Seneca ndiyo ya kwanza. Hakatazi machozi, anasema macho yasikauke wala yasibubujike. Na anakiri kwamba rafiki yake Serenus alipofariki yeye mwenyewe alilia kupita kiasi, kwa sababu hakuwahi kufikiri kwamba mdogo kwake angeweza kutangulia. Ukiri huo una uzito kuliko hoja kumi. Marcus alizika watoto wengi, na mistari yake kuhusu watoto ni mifupi na mikavu. Mfiwa wa miaka kadhaa huielewa, wa wiki mbili huumizwa nayo.

Asubuhi na usiku

Hapa huhitaji kuchagua mmoja. Asubuhi mpe Marcus, usiku mpe Seneca.

Fungu la kwanza la juzuu la 2 la Tafakuri linaanza kwa kujiambia kwamba leo nitakutana na mdaku, asiye na shukrani, mwenye kiburi, mdanganyifu. Wengi wanalinukuu mpaka hapo, wanatoka nyumbani wameshawadharau watu wote. Nusu ya pili ndiyo kiini: watu hao ni ndugu zangu, tumezaliwa kushirikiana kama miguu, kama mikono, kama kope, kama safu za meno ya juu na ya chini. Ukikosa muda wa kusoma nusu zote mbili, afadhali uiache ya kwanza. Kwa wazito wa kuamka kuna fungu la 1 la juzuu la 5, anapojiuliza kama aliumbwa ajifunike blanketi apate joto, huku siafu, buibui na nyuki wako kazini.

Zoezi la usiku liko katika juzuu la 3 la kitabu cha hasira, fungu la 36, na Seneca alilipata kutoka kwa mwanafalsafa Sextius. Taa ikizimwa na mke akinyamaza, anaipitia siku yote. Maswali ni matatu: leo umetibu ugonjwa gani wako? Umepinga kasoro ipi? Umekuwa bora wapi? Dakika 10 zinatosha. Fuata mfululizo wa siku kuanzia kuamka, simama kwenye sehemu mbili au tatu zilizokwama, kwa kila moja sema ungefanya nini badala yake. Ukizidisha hapo usingizi utakimbia.

Zoezi hili huharibika linapogeuka fimbo. Mtu anajisomea mashtaka kila usiku, na baada ya wiki moja anaogopa kulala. Maneno ambayo Seneca anajiambia ni haya: angalia usirudie tena, safari hii nakusamehe. Bila sentensi hiyo zoezi halijakamilika.

Kuna zoezi jingine la Seneca linalopendwa mno na kukosewa mno, la barua ya 18: chagua siku kadhaa, tatu au nne, ule chakula cha bei ya chini kabisa na kuvaa nguo duni, kisha ujiulize, hiki ndicho nilichokuwa nakiogopa? Linamfaa mwenye mshahara anayekosa usingizi kwa hofu ya kuupoteza. Anayekula mlo mmoja kwa kukosa hana cha kujifunza hapo. Mwenye kisukari, vidonda vya tumbo au ujauzito abadilishe mavazi na starehe, chakula akiache kama kilivyo. Na lisitangazwe. Epictetus, sura ya 46, anasema kondoo hawamletei mchungaji nyasi kumwonyesha walivyokula. Wanazisaga ndani, nje wanatoa sufu na maziwa.

Mwenye wasiwasi sugu ajihadhari na zoezi la kuwazia mabaya kabla hayajaja. Seneca analisifu katika barua ya 91, baada ya mji wa Lugdunum (Lyon ya leo, Ufaransa) kuteketea kwa usiku mmoja, lakini katika barua ya 13 anaonya kwamba yanayotutisha ni mengi kuliko yanayotuponda. Kipimo chetu: kama ukimaliza kuwaza unainuka kufanya jambo, endelea, kama unarudi kuwaza tena, acha, baki na barua ya 13.

Tafsiri na mpangilio

Kwa wanaosoma Kiingereza, tafsiri ya Marcus ya George Long (1862) na ya Epictetus ya Elizabeth Carter (1758) zinapatikana bure, ila lugha ni ya kizamani na inachosha. Kwa Marcus, ya Gregory Hays (2002) ni nyepesi zaidi. Namba za juzuu, sura na barua zinafanana karibu kila mahali, kwa hiyo nukuu kwa namba, si kwa ukurasa.

Ukichagua Epictetus, soma Enchiridion yote siku ya kwanza, kisha sura moja kwa siku. Ukichagua Seneca, barua moja kila siku ya pili, na usiguse nyingine mpaka umeandika jambo moja utakalolitenda. Fuata mmoja kwa siku 30 kabla ya kuhamia kwa mwingine. Marcus mwanzie juzuu la 2. La 1, ambalo ni orodha ya shukrani yenye mafungu 17, liache mwisho kabisa, na ukilifikia usilisome kwa kupitisha macho. Anaanza na babu yake aliyemwonyesha tabia njema na kutokasirika, anafuata baba, kisha mama, kisha walimu. Chukua daftari, andika majina 17 ya watu wako, na mbele ya kila jina kitu kimoja tu ulichokiona kwa mtu huyo kwa macho yako mwenyewe.